Mabomba Tuliyokiri Kutoyasafisha

CHAMA CHA WAKAZI WA JUMBA LA SCARBECK, HALIFAX

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha kamati kilichofanyika Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2019, nyumbani kwa Mwenyekiti, nyumba namba 9.

WALIOHUDHURIA
Bw. Clifford Haigh – Mwenyekiti
Bi. Maureen Sugden – Katibu
Bw. Wilf Ackroyd – Mjumbe, fundi bomba mstaafu
Bibi Edna Thwaite – Mjumbe, nyumba namba 4 (kwa sasa anahifadhiwa na dada yake)

MWALIKWA
Bi. Nadia Barraclough – Wakili wa chama

ASIYEHUDHURIA
Bw. Gledhill – Mjumbe. Hakutoa udhuru. Katibu alimwona dirishani akipita na mbwa wake.

KUMB. NA. 1/11/2019: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:00 asubuhi, akawaomba wajumbe radhi kwa mvua iliyokuwa ikinyesha. Katibu anaiandika radhi hiyo kwa makusudi.

KUMB. NA. 2/11/2019: UNGAMO LILILOPO MAHAKAMANI
Wakili alikumbusha kwamba chama kimemshtaki mkandarasi aliyelijenga jumba, kikimtaka arekebishe kasoro za ujenzi zinazovujisha maji hadi nyumba namba 4. Mwezi Juni mawakili wa mkandarasi walileta hati yenye maelezo tisa, wakitaka chama kikiri au kikane kila moja. La saba lilisema wakazi hawakusafisha mabomba yanayotoa maji ya mvua kwenye roshani kwa miaka minne. Mwenyekiti aliijaza hati hiyo peke yake, bila kumwonyesha mtu. Mbele ya la saba aliandika: "Ni kweli. Tunasikitika sana."

Wakili alisema ungamo la aina hiyo halifutwi kwa barua. Lazima jaji aombwe kibali, na atauliza kwa nini lilitolewa, kipi kipya kimejulikana, na upande wa pili utaumia vipi likiondolewa. Likibaki, kesi imekwisha, na Bibi Thwaite hana nyumba ya kurudia.

Bibi Thwaite, mwenye miaka 81, alisema ana miezi kumi na minne analala kwenye kochi la dada yake. "Dada yangu nampenda," alisema, "lakini anakoroma kama trekta, na mimi ndiye naambiwa nakoroma."

KUMB. NA. 3/11/2019: MSIMAMO WA MWENYEKITI
Mwenyekiti alieleza kwamba yeye ni mtu wa neno lake. Roshani yake ndiyo iliyo juu ya nyumba ya Bibi Thwaite, na ni kweli hakuwahi kulisafisha bomba lake. Alikuwa ameulizwa, akajibu kiungwana.

Bw. Ackroyd alisema, "Clifford, wewe ukikanyagwa mguu unamwomba radhi aliyekukanyaga. Haya, umetukanyagisha sote."

Mwenyekiti alimtaka mjumbe achunge ulimi. Mjumbe alijibu kwamba ulimi wake uko salama, tatizo ni kalamu ya Mwenyekiti. Katibu alipitisha biskuti.

Mwenyekiti alisema, kwa sauti ya chini, kwamba kila akisikia mvua usiku humfikiria Edna, na kwamba kukiri kulimpunguzia uzito. Kulifuta ungamo aliona ni kumkimbia Edna. Bibi Thwaite alimjibu, "Clifford, mwanangu, sihitaji majuto yako. Nahitaji dari yangu."

KUMB. NA. 4/11/2019: JARIBIO
Bw. Ackroyd aliomba ruhusa ya kuliona bomba lenyewe. Ilibainika kwamba katika miaka hiyo yote hakuna mjumbe aliyewahi kufunua wavu unaofunika bomba la roshani yoyote, Katibu akiwemo, na anaona aibu kuliandika.

Wajumbe walitoka nje kwenye roshani ya Mwenyekiti na miavuli. Bw. Ackroyd aliufungua wavu kwa bisibisi. Majani yalikuwepo, kiganja kimoja. Chini ya majani palikuwa na zege tupu. Hapakuwa na tundu wala bomba. Wavu ulikuwa umefungwa kwa skrubu juu ya sakafu kama pambo.

Ili kuthibitisha kwamba maji hupenya zege hadi chini, alimwaga pale maji mekundu ya chupa ya bitiruti, vile viazi vyekundu vya siki, aliyoileta Bibi Thwaite iliwe na mkate. Wakili alipiga picha. Katibu alishuka namba 4 na ufunguo, akasimama chini ya dari. Baada ya dakika sita tone jekundu lilimdondokea kwenye blauzi nyeupe. Hajawahi kufurahia doa namna ile.

Bw. Ackroyd alisema, "Miaka arobaini na moja nimefunga mabomba. Leo ndiyo mara ya kwanza namwona mtu akiomba radhi kwa kutosafisha bomba ambalo halipo."

KUMB. NA. 5/11/2019: AZIMIO
Mwenyekiti aliuinua wavu akaugeuza chini juu. Kisha alisema kwamba neno la muungwana ni neno la kweli, na lake halikuwa kweli. Alipendekeza yeye mwenyewe jaji aombwe kibali, na kwamba ataapa kwa jina lake kuwa alisaini bila kukagua. Bw. Ackroyd aliunga mkono, akampa mkono. Azimio lilipita bila kupingwa.

KUMB. NA. 6/11/2019: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa 6:20 mchana. Hakuna aliyeomba radhi.

NYONGEZA YA KATIBU, 14 Desemba 2019
Alhamisi tarehe 5 maombi yalisikilizwa mahakamani Leeds. Jaji alimuuliza Mwenyekiti kwa nini alikiri. Alijibu: "Mheshimiwa, niliulizwa kwa adabu." Watu walicheka. Yeye hakucheka, wala hakuinamisha kichwa. Alieleza wavu, zege na bitiruti, neno kwa neno, na kosa lake hakulipunguza hata kidogo. Katibu amemfahamu miaka kumi na siku ile ndiyo alijivunia kukaa nyuma yake. Jaji alitoa kibali. Ungamo limeondolewa, na kesi inaendelea.

Bibi Thwaite amenunua chupa nyingine ya bitiruti. Anasema hiyo ni ya kula, siku atakayorudi kwake.

Zimethibitishwa leo:

M. Sugden, Katibu

C. Haigh, Mwenyekiti
(Aliomba iandikwe kwamba amezisoma mara mbili, akaenda roshani kukagua, ndipo akasaini.)