Barafu ya Mume Wangu

Mbagala, 6 Aprili 1989

Mume wangu mpenzi Twalib,

Nakusalimu kwa sauti ile ile uliyoizoea asubuhi za fungate yetu. Mie mzima, anayeumwa ni moyo tu. Je, wewe? Baridi ya Murmansk haijakugandisha masharubu?

Jana tulivunja jungu kwa shangazi Zubeda. Wanawake wakanichokoza: “Tunu, mumeo kakuonja tu, kakimbilia kwa Warusi! Huko kuna mwanamke mweupe anampasha moto!” Nikashindwa kuvumilia. Nikawaambia, “Mume wangu ni baharia wa meli ya kupasua barafu. Anajua inapoyeyuka kuliko hayo mataifa makubwa yote yanayoigombea!” Basi vigelegele! Jirani yetu Noela, anayempikia Mzungu mmoja Masaki, akaniomba nirudie. Nikarudia kwa raha zangu.

Mkeo akupendaye,
Tunu

Murmansk, 20 Mei 1989

Mke wangu Tunu,

Nimefurahi kusikia hujambo. Kikohozi changu kimepungua. Shangazi umpe shikamoo yangu.

Lakini mama, habari za barafu usizitangaze. Bahari ya huku inapata joto, barafu inakuwa nyembamba, na njia zinafunguka mahali ambapo hapakuwa na njia. Warusi wanataka ziwe zao peke yao. Mahasimu wao wa Magharibi wanapita chini na nyambizi, wakizitafuta. Mgeni kama mie akifungua mdomo, amekwisha. Niulize habari za mapenzi, nitakujibu mpaka karatasi iishe.

Mumeo,
Twalib

Mbagala, 2 Julai 1989

Roho yangu Twalib,

Hujambo mpenzi? Kikohozi je? Kunywa tangawizi, ujifunike vizuri.

Nina habari! Mzungu wa Noela amekuja hapa nyumbani, na Kiswahili chake cha kuchekesha. Kaniletea redio kaseti, mtaa mzima umejaa uani kwetu! Anasema ana meli za mizigo, anataka tu kujua barafu inakatika wapi ili zipite. Ukinijibu, atakutafutia kazi bandarini hapa Dar. Fikiria, mume wangu: mie na wewe, kila siku!

Somo wangu, kungwi aliyenifunda kabla ya harusi, alinifunza kwamba mume na mke hawafichani. Ukikataa, nitajua wale wanawake walisema kweli.

Mkeo akungojaye,
Tunu

Murmansk, 11 Septemba 1989

Tunu mke wangu,

Salamu. Afya si mbaya.

Sina mwanamke mwingine. Usiniandikie hivyo tena, umeniumiza.

Anayekuletea barua hii ni Albano, mwenzangu melini, anakuja likizo. Humu ndani mna ramani ya barafu, nimeichora mwenyewe, na penye alama ndipo tunapopita. Mpe huyo bwana, anitafutie hiyo kazi upesi. Nataka kurudi kwako.

Mumeo,
Twalib

18 Februari 1990

Mke wangu,

Unaendeleaje? Mie siumwi. Nimefungwa.

Nyambizi ya Magharibi iliibuka pale pale nilipotia alama. Albano aliporudi alishikwa, akanitaja. Mie wewe sijakutaja. Nimesema aliyeniuliza ni mwenye meli za mizigo, kwamba ilikuwa biashara tu. Wanataka bwana huyo athibitishe kwa maandishi. Akiandika, watanirudisha nyumbani. Asipoandika, nitapelekwa kambini, na huko hakuna barua. Nenda kwake, Tunu. Mpigie magoti.

Mumeo,
Twalib

Mbagala, 25 Machi 1990

Kipenzi changu,

Pole, pole sana mume wangu. Wanakupa chakula? Una blanketi?

Nilikwenda. Nikapiga magoti sebuleni kwake, Noela akitutazama kutoka jikoni. Bwana akacheka, akaniinua. “Mama, mumeo kafanya kazi nzuri sana. Lakini ramani yake ni ya mwaka jana, na barafu imeshahama. Niletee mwingine anayejua ya mwaka huu. Siku hiyo hiyo nitamwandikia mumeo.”

Nikamkumbuka Filomena, bibi harusi wa nyumba ya pili. Mumewe, Kasiani, ndiyo kwanza ameondoka kwenda kufanya kazi kwenye meli za huko huko.

Usinikasirikie, Twalib. Ni kwa ajili yako. Leo asubuhi nimempeleka bwana kwake, naye kamletea cherehani mpya! Filomena hakujua amwandikie nini mumewe, nikakaa naye mkekani nikamsaidia, maana mie nayajua maneno yanayomlainisha mume. Tulipomaliza alinikumbatia, akalia kwa furaha, akaniita dada.

Mkeo,
Tunu