Bibi Mwenye Miwani

Mdogo wangu Salim,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Pangani tu wazima, ila nyumba imepoa tangu Bibi atutoke.

Umeuliza kama uichane insha yako ya Kiingereza iliyojaa wino mwekundu. Nami nilipokuwa kidato cha kwanza niliandika insha ya Kiingereza kumhusu Bibi akikuna nazi. Makosa yalijaa, darasa likacheka, nikaitia motoni. Nikaandika nyingine kwa sentensi za kitabuni, nikapata alama zote. Nilipomfasiria Bibi, akauliza, "Huyo mwenye miwani bibi wa nani? Hebu nisomee ile ya kwanza."

Nikamwambia imepotea.

Sasa naandika bila makosa, lakini wimbo aliokuwa akiuimba akikuna nazi siukumbuki. Ulikuwamo mle, katika insha ya kwanza.

Usiichane. Likizo uje nayo, unisomee.

Dada yako,
Mwanaidi