Sauti ya Mugole

Jumatano, 7 Agosti 1974
Nimeoga, nimepakwa samli, nimelishwa ndizi, nimeambiwa niketi. Kama jana. Mugole hafanyi kazi. Bibi harusi wa Kihaya hukaa ndani, hufunika kichwa, huinamisha uso, husema kwa kunong'ona. Mimi, niliyekuwa nikiongoza midahalo kidato cha nne! Lakini navumilia. Nampenda Deus mpaka naona haya kuandika. Yuko Bukoba mjini, anasimamia mashine za kukoboa kahawa. Basi litamleta hapa Izigo Jumamosi. Siku tatu. Karne tatu.

Jumamosi, 10 Agosti
Amekuja! Vumbi la kahawa shingoni. Nikanong'ona chini ya khanga kwamba nilimkumbuka. Hakujibu. Nikarudia. Akaendelea kufungua kamba za viatu. Baba yake akaita toka sebuleni kwa sauti yake nzito, akaitika papo hapo. Mimi je?
Kisha akauliza kwa nini nyenje wanapiga kelele hivi leo. Hapakuwa na nyenje.

Jumapili, 11 Agosti
Kabla hajaondoka nilimwambia maneno matatu, matamu kuliko yote niliyo nayo, nikiwa nimeinama kama nilivyofundwa. Akasema, "Ndiyo, kesho." Kesho nini?
Nimelia. Pengine amenichoka. Wiki mbili tu za ndoa! Mama mkwe anajisifu kwa majirani: "Mugole wetu ana adabu, hata mumewe hamsikii!" Wote wameridhika isipokuwa mimi.

Jumatano, 14 Agosti
Sina hamu ya kula.

Jumamosi, 17 Agosti
Sasa najua. Afadhali nisingejua.
Saa yake ya mkononi ilikuwa mapajani mwangu. Niliisikia bila hata kuiinua. Kwa mahaba tu nikamwekea sikioni. Akatabasamu. "Imesimama," akasema. "Nitaitia ufunguo." Haikuwa imesimama. Mshale ulikuwa unatembea. Nikaihamishia sikio la pili.
"Imesimama, mke wangu."
 Kumbe si kwamba hanipendi. Hanisikii. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kisha hofu ikanijaa.
Nikavua khanga, nikamuuliza kwa sauti. Akakiri. Kila akitoka zamu masikio humlia. Zamani yalikuwa yakitulia asubuhi. Siku hizi hayatulii. Na mimi, hakushangaa kwamba hanisikii? "Nilidhani ni adabu yako. Kila mtu anasema mugole hasikiki."
Ameniomba niape kunyamaza. Mwaka huu ndipo amepewa usimamizi. "Wakijua, watanirudisha kulima migomba." Sikuapa.

Jumapili, 18 Agosti

Basi la mchana lilikuwa limrudishe kwenye mashine zile zile. Mimi ningenong'ona hadi siku mugole anapotolewa nje, ukaaji wa ndani ukiisha, naye angezidi kuharibika. Nikatoka chumbani kichwa wazi, nikasimama mbele ya baba mkwe. Mugole hasemi na baba mkwe. Nikasema, nikimwita baba kwa Kihaya cha heshima.
"Tata, waitu, Deus hasikii vizuri. Mashine zinamla masikio. Asirudi kabla hajaonwa na daktari."
Mzee alibaki na kahawa ya kutafuna mkononi. Mama mkwe akashika mdomo. "Mawe, mama yangu! Kumbe ana sauti kama kengele ya kigango!"
Basi limepita bila Deus. Hajanitazama tangu hapo. Watanirudisha kwetu Buganguzi?

Jumanne, 20 Agosti
Baba mkwe amempeleka mwenyewe hospitali ya misheni. Jioni mzee alisimama mlangoni kwangu, akanipa mgongo, akauambia ukuta wa pili kila alichosema daktari. Heshima haikuvunjika, nami nilisikia yote.
Daktari alipiga uma wa chuma ukavuma, akausogeza sikio hili, sikio lile. Sauti nzito bado anazo. Nyembamba ndizo zimetangulia kufa: za ndege, za wanawake, za kunong'ona. Zilizokufa hazifufuki. Zilizobaki zitalindwa akikaa mbali na mashine, au akiziba masikio kwa pamba yenye nta. Pamba kavu wanayotumia kiwandani haitoshi. Kifaa cha kusikilizia kitaagizwa, haijulikani kitafika lini. Na anayesema naye amwelekee, uso uonekane.
Uso uonekane! Na mimi nimefunikwa kama mkungu unaoivishwa.
Deus bado hasemi nami.

Jumamosi, 24 Agosti
Amekuja na basi la saa nane. Alirudi mjini, akasema mwenyewe kiwandani kwamba hasikii. Wamempeleka kwenye mizani, ng'ambo ya uwanja. Cheo kimekwenda. Wenzake wawili wa mashine wameomba nao wapimwe.
 Mama mkwe alibeba kigoda changu toka kona ya giza, akakiweka mlangoni penye mwanga, akaniondoa khanga kichwani kwa mkono wake. Akaenda kumenya ndizi.
Deus akaketi mbele yangu. Nikayasema tena yale maneno matatu ya Jumapili ile, polepole, uso juu. Alitazama midomo yangu kwa muda mrefu. Akayarudia.
Moja alilikosea. Nikalisema tena.