Shabaha ya Kengele

Jumatatu, 9 Mei 1983

Nina miaka sabini na tatu. Nimeishi kuliko Mjerumani. Nimeishi kuliko Mwingereza. Nimezika wake wawili na kaka zangu wote wanne, na nyumba yangu ya zamani kule bondeni ilibomolewa tukaletwa hapa kijijini Mzenga, tukapangwa mistari kama mihogo. Bado nipo. Asubuhi nimeipaka bunduki mafuta kabla ya uji, kama kila siku. Mafuta ya nazi. Ya cherehani hayapatikani.

Bunduki yangu ni ya upepo. Unavunja mtutu, unaweka kirisasi kama punje ya mtama, unafunga, unafyatua. Haiui mtu lakini jicho inatoboa. Mzungu wa simu aliniachia alipoondoka, pamoja na kengele ya umeme ya mlango wake, maana nilimbebea waya miaka kumi na minane na hakuna nguzo niliyosimamisha mimi ikaanguka. Kwa bunduki hii nalinda shamba la mahindi la kijiji. Ngedere wa Mzenga wananijua kwa jina.

Nalinda? Nilikuwa nalinda. Tangu Alhamisi nimesimamishwa.

Jumanne, 10 Mei

Niandike ilivyokuwa, watu wasije wakageuza. Kidawa, yule mjane wa upande wa kisimani, alikuwa amekaa kwenye kisiki pembeni mwa mahindi, kajitanda kaniki. Nyuma yake kulikuwa na ngedere. Nikapiga. Risasi ikakwama kwenye kisiki, shibiri moja kutoka pajani kwake. Akapiga ukelele kijiji kizima kikaja. Ati hakuna aliyemwona ngedere. Alikimbia! Ngedere gani anasubiri kupigwa picha?

Mwenyekiti wa kijiji katoa amri. Bunduki isitoke nje ya nyumba yangu. Jumamosi tarehe 28 nipimwe mbele ya kamati: kopo juu ya kigingi, hatua ishirini, risasi kumi. Nikipata saba naendelea. Nikikosa, bunduki inachukuliwa na ulinzi anapewa Kondo.

Kondo ni jirani yangu. Kati yake na mimi kuna ua wa makuti tu. Siku ile ndiye aliyefika wa kwanza. Alikuwa karibu hivyo anatafuta nini? Najiuliza.

Jumatano, 11 Mei

Nimepata la kufanya. Nje siruhusiwi, basi nitajifua ndani. Ukumbi wangu una hatua kumi na mbili. Na sitapiga kopo la kijinga. Natengeneza shabaha ya umeme.

Ni hivi. Bati la debe nimelikata duara, upana wa kiganja. Nyuma yake bati jingine. Katikati vipande vya ndala kuukuu, yasigusane. Kila bati na waya wake. Risasi ikipiga la mbele, linabonyea linagusa la nyuma, umeme unapita, kengele inalia. Darasa la kusoma na kuandika nimeingia nina ndevu nyeupe, lakini umeme niliujua kabla mwalimu wangu hajazaliwa.

Nilifikiri kwanza kutia balbu ya tochi badala ya kengele. Nikaacha. Balbu lazima uitazame. Kengele inakuja yenyewe sikioni.

Jumamosi, 14 Mei

Betri hakuna duka la kijiji. Nimekwenda Mlandizi, nusu kwa lori nusu kwa miguu. Nimepata nane kwa mtu ambaye hata humu simtaji, maana siku hizi ukikutwa na sabuni tatu wewe mlanguzi. Nimezifunika mihogo kikapuni.

Kondo alikuwa amesimama barabarani. Utadhani aliambiwa saa yangu. "Shikamoo Mzee Pazi. Kumbe mihogo ya Mlandizi mitamu kuliko yetu?"

Nikaitikia marahaba. Nikapita na kikapu changu.

Jumapili, 15 Mei

Nimefunga kila kitu. Bati ukutani mwisho wa ukumbi. Nyuma ya ukuta huo ni jiko la mke wangu Mwamvua, pakavu kwa ajili ya moto, kwa hiyo kisanduku cha betri na kengele viko kule. Nyaya zinapita kwenye tundu. Utepe wa fundi sina, pale nilipounga nimezungushia kitambaa.

Nimepiga risasi ishirini. Kengele imelia mara mbili.

Kuna kitu hakiko sawa kwenye mashine.

Jumanne, 17 Mei

Kumi na tano. Kengele moja. Moja!

Hapa kuna mkono wa mtu. Nyuma ya jiko makuti ya ua yamepanuliwa, jicho la mtu linapita. Kondo anakohoa kila nikivunja mtutu. Mara mbili nimenyamaza ghafla, naye akanyamaza. Ugali nimekataa. Mimi nikikasirika sili, ndivyo nilivyoumbwa.

Alhamisi, 19 Mei

Nimeziba ua kwa miiba. Ndala nimezichonga nyembamba. Leo risasi kumi na tano, kengele kumi na mbili.

Si nilisema ilichezewa? Mtu akizibiwa tundu anaacha. Ukumbini bunduki inaziba masikio, husikii risasi imetua wapi, lakini kengele ile haizibwi. Ngriii! Nimekula sahani mbili za wali. Mwamvua kafurahi, kaniongeza mchuzi.

Jumamosi, 21 Mei

Mgambo wamekuja. Watatu, na kamanda wao Msukuma. Mtu kawaambia Mzee Pazi ana betri nyingi na nyaya ukutani, na kitu kinacholia ndani kama simu. Mtu gani? Mimi najua.

Kamanda kazihesabu. "Babu, nane! Redio zako ngapi?"

"Sina hata moja."

"Basi za kuuza."

Nikamwambia ni za shabaha. Hawakuelewa. Nikawapeleka ukumbini nikawaonyesha bati. Kamanda akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Watani hawa! "Mzaramo na bunduki wapi na wapi? Ninyi wenzetu ni ngoma na ubwabwa." Nikamwambia ninyi mnachunga ng'ombe mia mkipotelewa na mmoja mnalia kama mmefiwa. Akasema haya, piga tuone. Ikilia, kweli ni shabaha. Isipolia, twende kituoni na betri zako.

Mikono haikunitetemeka. Nikapiga. Kimya kidogo, kama pumzi moja. Halafu ngriii!

Wakapiga makofi. Wakaondoka na papai. Kondo alikuwa kwenye ua wake anajifanya anafunga mbuzi. Sijawahi kuona mbuzi akifungwa muda mrefu vile.

Jumatatu, 23 Mei

Ishirini. Kengele kumi na nane.

Hakuna wa kunifikia wilaya hii. Niseme Pwani nzima. Ningekuwa na macho ya ujana ningesema Tanganyika. Si kwamba macho yangu yana kasoro.

Kondo kanyamaza siku mbili. Hakohoi. Mtu kama yule akinyamaza anapanga. Nimemwambia Mwamvua asipokee chochote kutoka kwao, hata moto.

Jumatano, 25 Mei

Zimebaki risasi kumi na nne. Kumi ni za Jumamosi. Nimeona nisizimalize. Leo nijizoeze kidole tu, kuvuta bila kutikisa. Bunduki tupu.

Nikavunja mtutu, nikafunga, nikalenga, nikafyatua. Upepo mtupu.

Kengele ikalia.

Nikarudia. Ikalia.

Damu ilinipanda. Nimemkamata! Nikatoka mlango wa uani na bunduki mkononi, nimemshika Kondo shingoni kwenye mawazo yangu kabla sijafika.

Kondo hakuwepo. Alikuwepo Mwamvua. Kachuchumaa karibu na kisanduku, kitambaa kakifungua, kisu cha mboga kakilaza juu ya nyaya mbili. Kengele inalia mbele ya uso wake.

Nikamwuliza unafanya nini. Akasema, "Napika."

Nikamwambia bunduki haina risasi. Akaondoa kisu. Kengele ikanyamaza. Akasema bila kuniangalia, "Ukikosa huli. Usipokula unanuna siku mbili, mimi nabaki kuzungumza na kuku. Nikaona bora ilie."

Tangu lini?

"Tangu Alhamisi ile. Nilikuwa naruka moja moja, usije ukashtukia."

Na siku ya mgambo?

Akanitazama sasa. "Siku ile kisu nilikishika kwa mikono miwili, baba. Kilikuwa kinanitetemeka."

Nikarudi ndani. Nimejilaza mchana, usingizi haukuja.

Alhamisi, 26 Mei

Nimelitoa bati. Nimepitisha kidole, maana kwa kidole hudanganywi. Alama sita. Kisha nimechokoa ukuta kwa msumari, risasi moja moja, nikaziweka kwenye bakuli. Sitini na tano.

Nyingine zilikuwa juu karibu na dari. Moja nimeikuta kwenye fremu ya mlango wa chumba chetu. Mwamvua hupita mlango huo mara hamsini kwa siku.

Siongei naye. Yeye anaongea na kuku.

Ijumaa, 27 Mei

Kesho nakwenda. Nitapiga. Ndani kuna giza, nje kuna jua, si sawa. Kumi si nyingi. Mtu wa bahati anaweza kupata saba kwa kumi, na mimi bahati ninayo, ningekuwaje hai? Nikiwaachia bunduki bila kupiga, Kondo atacheka mpaka mavuno. Sitaki kucheka kwake.

Mwamvua kaniambia neno moja tu wakati wa chakula: "Usiende." Nikala kwa makusudi, ajue sijakasirika, nimeamua.

Jumamosi, 28 Mei

Uwanja wa ofisi ya kijiji. Watu wote. Kamati kwenye benchi. Kopo la maziwa juu ya kigingi, hatua ishirini, Mwenyekiti kazihesabu mwenyewe.

Nikavunja mtutu. Nikaweka risasi. Nikaegemeza kitako begani. Kopo nililiona, naapa, weupe fulani hivi. Lakini nyuma yake, chini, kulikuwa na kitu cheusi kimeinama.

Nikauliza, "Kile nyuma ya kopo ni nini?"

Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Ngedere wako, babu!" Mwingine akasema, "Gunia la mkaa, Mzee Pazi, piga tu!"

Gunia. Sawa. Sikuwa na shaka kwamba wanasema kweli. Lakini wameniambia wao. Mimi kwa macho yangu sikujua. Nikatafuta Kidawa yuko upande gani wa watu, nisimwone. Niliona khanga nyingi zimechanganyika kama nguo kwenye maji. Watoto wamekaa wapi, sikujua. Nilisimama na kidole kwenye kifyatulio muda mrefu. Kicheko kikapungua, kikaisha.

Nikatoa risasi. Nikaenda nikailaza bunduki mezani kwa kamati.

Mwenyekiti akasema, "Mzee Pazi, umeshindwa?"

"Sijashindwa. Nimekataa."

"Umekataa nini?"

"Kupiga nisichokijua."

Mwenyekiti akaichukua bunduki. Wakamwita Kondo. Akapiga kumi, akapata sita. Kamati ikasema inatosha. Mimi ningesema saba ni saba, lakini sikuulizwa.

Jumapili, 29 Mei

Mvua ndogo asubuhi. Nimeamka mapema, mikono haina kazi.

Kondo kaja kabla ya kwenda shambani, kavua kofia. "Shikamoo mzee. Naomba unionyeshe inavyopakwa mafuta." Nimemwonyesha. Nimemwambia asivunje mtutu kwa nguvu, springi imezeeka. Nikamwuliza kama ni yeye aliyewaita mgambo. Kasema si yeye. Simwamini. Lakini mafuta anapaka vizuri.

Alipoondoka nimekwenda kwa Kidawa. Sikukaa. Nimemwambia siku ile hakukuwa na ngedere. Nilimwona yeye nikamdhania mnyama. Akasema, "Nilijua, mzee. Nilikuwa nangoja useme." Akanipa mahindi mawili ya kuchoma. Nimekula njiani.

Haya niliyoandika ni kweli. Mwenyekiti na kamati nzima wanaweza kushuhudia ya Jumamosi. Kidawa yupo, ashuhudie ya kisiki. Yule kamanda Msukuma ashuhudie betri nane, alizihesabu mwenyewe. Mwamvua anajua kuliko wote, lakini ushahidi wake siuweki hapa. Kwa ajili yangu yule mwanamke anadanganya hata mgambo.