Kijana wa Viwanja Huja Ijumaa

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila joto la chumba cha kufulia hapa hotelini linatutoa jasho tangu asubuhi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekasirika. Huyo kijana wa viwanja anakuahidi faida kila mwezi ya nyumba atakazojenga humo, na nyumba zenyewe hazijajengwa. Anasema nafasi zinaisha wiki hii. Pesa anataka ziingie kwenye akaunti yake, si ya kampuni. Juu ya hayo anaomba hati ya nyumba yetu akakutunzie. Mama, mtu anayekuuzia nyumba, hati ya nyumba yako ni ya nini kwake? Baba aliijenga kwa kujinyima. Ikienda, utalala wapi?

Usimpe kitu. Likizo mwaka huu sikuomba, kazi ni nyingi, kwa hiyo uwe macho mwenyewe.

Mwanao wa pekee

21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti liko palepale, linatangaza mvua kabla ya redio.

Kijana alikuja tena Ijumaa. Ana adabu, anavua viatu mlangoni. Lile bomba la jikoni lililokuwa likivuja tangu ulipoondoka amelitengeneza, na kabati amelisogeza mbali na ukuta wenye unyevu. Akanionyesha picha za maghorofa, zinapendeza. Aliniuliza habari za marehemu baba yako, nikamsimulia mpaka chai ikapoa.

Na wewe, unakula vizuri?

Mama yako

9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nakula. Naomba tuache habari za bomba.

Nakuuliza hati, unanijibu kabati. Mkataba wake umesaini au hujasaini? Hicho kiwanja umekiona kwa macho yako? Umeongea na majirani wa hapo bila yeye kusimama pembeni? Mwenzangu hapa alitia akiba yake yote kwenye mradi kama huo. Leo anapiga pasi mashuka zamu mbili na hajui ile ofisi ilihamia wapi. Chema chajiuza, mama, kibaya chajitembeza, na huyu anajitembeza kila Ijumaa.

Nimechoka kumbembeleza mtu mzima. Ukitoa hati, usiniandikie tena.

Mwanao

28 Juni

Mwanangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuwa imenuna. Nimekaa kimya kwa sababu uliniudhi.

Kiwanja nilikiona kabla hata sijakuandikia. Kijana alinipeleka mwenyewe. Alipokwenda kando kupokea simu, nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage hapohapo. Alicheka. Akasema shamba ni la kwao, na kila Jumamosi huletwa mzee mwingine kuonyeshwa sehemu yake. Nikarudi kwenye gari, nikasifia upepo wa pale.

Kwa hiyo usinifundishe. Hati iko kwa shangazi yako tangu siku ile, wenzangu wa mtaani nimeshawaonya, na mimi sijatoa hata senti. Kila Ijumaa nilimwambia nitasaini wiki ijayo. Najua ni mwizi. Lakini mwizi huyo anabisha hodi, anakaa, ananiuliza nimelalaje. Wewe ukipiga simu, kila mara uko mlangoni unaingia kazini. Nilishindwa kukuandikia kwamba nina upweke, nikakuandikia viwanja. Hivyo angalau ulivijibu.

Ijumaa iliyopita nilichoka kumdanganya, nikamuuliza kama yule mama wa maharage hajambo. Akaweka kikombe chini, akavaa viatu. Hajarudi, na bomba limeanza kuvuja tena.

Mama yako

12 Julai

Mama yangu,

Shikamoo, na leo haijanuna.

Barua yako niliisomea juu ya rundo la mashuka nikalia kwa hasira, na mpaka sasa sijui hasira hiyo ni ya nani. Kumkaribisha mwizi chai miezi yote hiyo, hilo tutagombana uso kwa uso. Nimeomba likizo. Msimamizi alikunja uso, lakini amesaini.

Nafika Ijumaa. Bomba liache livuje, nitalitengeneza mimi.

Mwanao wa pekee