Hodi ya Tatu

Mpendwa binti yangu Ritha,

Pokea salamu zangu za heshima na upendo. Uniwie radhi kuchelewa kukujibu ulipouliza kama chumba chako bado kipo.

Jirani yetu Zeina alinionyesha kwenye simu onyesho lako la huko Ujerumani. Ulisimama mbele ya mlango usio na nyumba, ukabisha hodi, na watazamaji hawakujua kuitikia. Nikaitikia mimi: "Karibu, mwanangu!" Zeina akacheka, "Baba Ritha, hakusikii huyo!" Baada ya hodi ya tatu uliondoka, kama marehemu mama yako alivyokufunza.

Nyumba yetu ya Msimbazi imebomolewa, mwanangu. Nimeokoa komeo la mlango tu.

Komeo hilo atakuletea Hamud, mume wa Zeina, anayesafiri kuja huko, pamoja na barua hii. Atabisha hodi, tafadhali usimwache afike ya tatu.

Ni mimi baba yako,
Pantaleo