Sproketi ya Kupandia Mlima wa Kwetu

Mchafukoge, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya alasiri

Mama Zuhura, mke wangu,

Assalaam alaykum. Natumaini karatasi hii itakukuta umekaa barazani umenyoosha miguu, si umesimama jikoni ukiisoma huku mboga inaungua. Kifua cha mama kinaendeleaje? Na Zuhura, lile jino lake la mbele limeshatoka au bado analichezea kwa ulimi? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, na habari za huo mgongo utazipata humu humu.

Najua utashangaa kuletewa barua zama hizi za simu. Lakini kwenye simu mimi na wewe tunagombana. Unaniuliza ninakuja lini, mimi najiumauma, wewe unanyamaza, mtandao unakatika, kila mtu anabaki na hasira zake. Wiki iliyopita ulisema neno moja ukakata: mabibo yakianza kudondoka kama sijafika, unamchukua mtoto unarudi kwa baba yako. Neno hilo sijalitua tangu siku ile. Natembea nalo, napakia nalo mizigo, naswali nalo. Ndiyo maana nimeona niandike, nimalize ninachotaka kusema bila kukatizwa.

Nianze na la mwaka jana, kwa sababu ndilo linalotuumiza. Nilikuambia injini ilikufa njiani nikarudishwa mjini kwa lori. Si kweli. Injini haikufa. Nilifika Kibiti naendesha mwenyewe, na kutoka Kibiti nikarudi Dar naendesha mwenyewe.

Naomba unielewe ilivyokuwa. Huku Kariakoo sisi wabeba mizigo tuna mtindo wetu. Mtu akinunua pikipiki, kabla hata hajabandua nailoni kwenye kiti, anaipeleka kwa fundi ibadilishwe sproketi, yale magurudumu ya chuma yenye meno yanayovuta cheni. Ya mbele inawekwa ndogo, ya nyuma kubwa. Hapo pikipiki inapata nguvu za punda. Unapakia marobota ya vitenge mpaka huonekani, unapita nayo kwenye matope ya Jangwani, na inang'oka tu. Kwa mjini ni sawa, maana hufikishi gia ya tatu kabla mwenye mkokoteni hajakukatiza. Lakini uitoe kwenye lami ndefu! Injini inalia kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa, mwendo wenyewe huuoni, na mtetemo unapanda kutoka kwenye usukani mpaka kwenye mataya. Nilipofika Kibiti vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nilinunua chai nikashindwa kushika kikombe, mama muuza chai akaninywesha kama mgonjwa. Nikatazama barabara ya kwenda Rufiji, nikafikiria Nangurukuru, Lindi, mpaka huko juu kwetu, moyo ukaniishia. Nikageuza.

Niliona bora uamini kwamba pikipiki imenishinda kuliko ujue kwamba nimeshindwa mimi. Nisamehe, mke wangu. Nimeona aibu mwaka mzima.

Safari hii nilimfuata fundi Kessy, Mchaga mmoja mwenye gereji kwenye uchochoro hapa nyuma ya maduka ya spea. Aliizunguka pikipiki yangu mara mbili, akaitazama sproketi, halafu akanitazama mimi.

"Na hii chuma ndiyo unataka uifikishe Newala?"

"Ndiyo."

"Kaka, hii umeifunga kwa ajili ya marobota, siyo kwa ajili ya kwenda kwenu." Akacheka mpaka akashika kiuno. "Sisi Desemba ikifika tunapanda kwetu, hata asiye na nauli anajua atakavyofanya. Nyie watu wa kusini mkishaingia Kariakoo mnaota mizizi. Una miaka mingapi hapa?"

"Minne."

"Na mke yuko huko?"

Nikachuchumaa nikaanza kufuta tope kwenye cheni.

Basi akafungua. Akatoa ile ya mbele yenye meno kumi na matatu, akaweka ya kumi na tano. Akasogeza gurudumu la nyuma mpaka cheni ikawa inacheza kiasi cha vidole viwili, si zaidi. Usukani akauinua na kuurudisha nyuma kidogo, kwa sababu alisema naendesha nimeinama kama mtu anayetafuta sindano, ndiyo maana mgongo unaniua. Akapima upepo wa matairi, akaniambia niende nikaijaribu.

Nikashika barabara ya Kilwa asubuhi. Baada ya Mbagala magari yakapungua, nikapandisha gia mpaka ya mwisho, nikasubiri ile kelele. Haikuja. Injini ilikuwa inazungumza kwa sauti ya chini, mikono imetulia, kioo cha pembeni kimetulia, namuona vizuri aliye nyuma yangu. Mama Zuhura, nilianza kuongea nawe peke yangu ndani ya kofia ngumu. Nikakueleza hiki na kile, nikakuuliza kama umepika kisamvu. Kibao cha Mkuranga nikakiacha nyuma. Kidogo tu nisirudi. Nilikuwa sina hata nguo ya kubadili, sina maji, lakini mwili wote ulikuwa unanivuta mbele. Nilisimama kando ya barabara nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Nimekukumbuka sana. Sijui kuliandika kwa namna nyingine.

Niliporudi nilikuwa najisifu gereji nzima. Kessy akaniacha nimalize, akauliza, "Kwenu ni tambarare?"

Unaona ujinga wangu? Mtu niliyezaliwa juu ya mlima, niliyekua nikiwaona mama na dada zangu wakishuka bondeni alfajiri na kupanda na maji kichwani, nilikuwa nimeusahau mlima! Miaka minne ya kuzunguka mahali palipo bapa kama chapati imenifanyia hivyo. Tukaenda Pugu, Kessy akakaa nyuma. Kwenye mwinuko wa kwanza pikipiki ikakohoa, nikarudisha gia mpaka ya kwanza, klachi ikaanza kunuka, ikazima. Tulishuka tukaisukuma.

"Kumi na nne je?" nikamuuliza.

"Kumi na nne itakunyima raha kwenye lami, na mlimani italalamika vilevile," akasema. "Ila usihofu. Ukiwa peke yako na kibegi chako, hii ya kumi na tano utapanda nayo taratibu. Kubeba mtu ndiyo usijaribu."

"Sipandi peke yangu," nikamwambia.

Akaenda kwenye sanduku la vyuma. Akaiokota ile sproketi ya zamani yenye meno kumi na matatu, akaifuta mafuta, akanipa. Siku tatu mfululizo amenifundisha kuibadilisha mwenyewe, kwa spana mbili tu. Mara ya kwanza nilimaliza yeye ameshakunywa soda mbili. Jana nilimaliza soda ikiwa nusu. Vidole nimevichubua vyote, lakini najua.

Kijiweni nimeshaaga. Godoro nimempa jirani, na mizigo ya watu nimewakabidhi wenzangu. Siji kusalimia tu, narudi kabisa. Barua hii anakuletea Saidi, yule kondakta wa basi, anaondoka kesho. Mimi naondoka Alhamisi, nitalala Lindi kwa kaka, Ijumaa nitalala njiani, na Jumamosi asubuhi nitakuwa chini ya mlima.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya kifua ninayo. Baba mkwe mpe shikamoo yangu, na mwambie asiandae chumba cha mtu yeyote. Shemeji Hamisi mwambie ile mikorosho ya upande wa makaburini asiipalilie peke yake, nakuja na mikono yangu. Na Zuhura, ambaye Mwajuma jirani aliniambia ananiita baba wa kwenye simu, nikacheka na kulia, mwambie baba huyo ana ndevu na anashikika.

Jumamosi maji ya bomba yakitoka au yasitoke, shuka bondeni na mtoto, pale kisimani nilipokuomba maji ya kunywa siku ya kwanza, ukaninyima. Mtanikuta nimechuchumaa kando ya pikipiki, mikono imejaa grisi, nafunga sproketi ya meno kumi na matatu. Tutapanda mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja, Zuhura katikati. Ninachokuomba ni kimoja tu: usije na ndoo.

Mumeo,
Baba Zuhura